Ya Kwetu Inatoka Lini?

Kifurushi kilifika Alhamisi moja ya mwaka 2013, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini siku nzima. Kengele ya mlango ilipolia mke wangu alibaki ameketi, kwa kuwa alijua ni nani anayepaswa kufungua. Niliweka boksi juu ya meza ya jikoni, nikanawa mikono, nikaikausha vizuri, ndipo nikatoa injini. Ilikuwa nyeusi, urefu wake kama sentimita 35, na nzito kuliko nilivyodhani. Nilivuta kiti nikakaa mbele yake karibu nusu saa bila kuigusa tena.

Ilikuwa modeli ya injini ya mvuke aina ya Garratt ya shirika la reli la LMS la Uingereza, kwa skeli ya 1:76, iitwayo OO, iliyotengenezwa na Heljan wa Denmark kwa agizo la duka la Hattons. Injini halisi zilikuwa 33. Tatu za kwanza zilitoka 1927, thelathini zilizobaki 1930, na kazi yao kubwa ilikuwa kuvuta makaa ya mawe kutoka Toton, katikati ya Uingereza, hadi Brent, London. Ya mwisho iliondolewa kazini 1958. Zote zilikatwakatwa zikawa chuma chakavu, haikusazwa hata moja. Mimi, ninayeishi sasa Uingereza, nilizaliwa Voi, Kenya, miaka minane baadaye.

Mtu wa Voi ana haja gani na injini ya makaa ya Waingereza? Haja yangu ni mahali ilipozaliwa. Garratt zile ziliundwa na kampuni ya Beyer, Peacock, katika karakana yao ya Gorton, Manchester. Hapo hapo, miaka 25 baadaye, ndipo zilipoundwa Fifti-naini, Garratt za daraja la 59 za reli ya Afrika Mashariki.

Nilikulia landi za reli, nyumba za wafanyakazi. Baba yangu alikuwa fayamani, mtu wa kuangalia moto na mvuke, kwanza wakati reli na bandari zikiwa shirika moja la Afrika Mashariki, kisha zilipotenganishwa, hadi Jumuiya ikavunjika 1977 na kila nchi ikashika chake. Usiku tulilala tukisikiliza injini zikija kutoka upande wa Mombasa. Garratt huijui kwa honi peke yake. Ina injini mbili zinazolishwa na boila moja, na kila moja inapumua kwa mwendo wake, kwa hiyo midundo yake hukutana, ikaachana, ikafukuzana, kisha ikakutana tena, kama ngoma mbili zinazopigwa na watu wasioonana. Mama alikuwa akisikiliza kwa makini kuliko sisi sote. Midundo ikisikika inapungua kuelekea stesheni, alikuwa akiinuka kimyakimya kupasha chakula.

Niseme kidogo kuhusu mashine yenyewe, maana bila kuielewa hutaelewa kwa nini watu wazima tunaingoja kwa miaka. Injini ya kawaida ya mvuke hubeba boila juu ya magurudumu yake. Magurudumu yakiwa makubwa, boila haliwezi kunenepa, na kisanduku cha moto hakipati kina. Herbert Garratt alilitoa boila juu ya magurudumu na kulining'iniza katikati, kama mgonjwa kwenye machela inayobebwa na watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Kila mbebaji ni injini kamili yenye silinda zake, na kwenye kona kila mmoja hugeuka kivyake. Sasa chini ya boila hakuna kitu. Linaweza kunenepa. Uzito nao unatawanyika juu ya ekseli nyingi, reli nyepesi haziumii.

Fifti-naini ndipo wazo hilo lilipofika kileleni kwenye reli ya mita moja. Zilikuwa 34, zikaletwa mwaka 1955 na 1956. Tani 252, urefu karibu mita 32, boila lenye kipenyo cha karibu mita 2.3 likipita juu ya reli zilizoachana mita moja tu. Zilichoma mafuta mazito, si makaa. Zilivuta tani 1,200 kutoka usawa wa bahari pale Mombasa hadi Nairobi, kilomita 530 za kupanda, zaidi ya mita 1,600 juu. Kwenye reli ya upana ule hapakuwahi kuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda. Na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mbili zimebaki, zote ziko makumbusho ya reli Nairobi: namba 5918, Mount Gelai, na namba 5930, Mount Shengena. Gelai iko kando ya Ziwa Natron, Shengena iko Upare, yote Tanzania. Wakati ule lilikuwa jambo la kawaida, mlima wa nchi moja kuvuta mizigo ya nchi nyingine.

Kwa hiyo nilipoona tangazo kwamba Garratt ya Gorton inatengenezwa kwa skeli niliyoizoea, niliandikisha oda siku ile ile.

Asiyeijua hobi hii hudhani mtu anaingia dukani, anachagua treni, analipa na kuondoka nayo. Kwa modeli mpya safari huanza miaka miwili, mitatu, pengine mitano kabla. Kwanza ni tangazo, mara nyingi Januari, likiwa na picha ya injini halisi kwa sababu modeli haipo bado. Unaandikisha oda. Kisha kimya. Huko nyuma kuna watu wanapekua michoro ya zamani kwenye hifadhi za nyaraka, wanapima injini iliyobaki kwa leza kama ipo, wanachora kila kipande kwenye kompyuta. Halafu zinachongwa kalibu za chuma, mara nyingi kiwandani China, ambamo plastiki ya moto itasukumwa. Hapo ndipo fedha nyingi huenda, na hapo ndipo kosa huwa ghali, kwa sababu chuma kikishachongwa hakirudi.

Kutoka kwenye kalibu hizo hutoka sampuli ya kwanza. Haina rangi, pengine vipande vyake havilingani, na mtu wa nje angeiona kama kitu kilichoharibika. Mimi siku picha za sampuli zinapotoka naipenda kuliko hata siku ya kifurushi. Siku hiyo kila aliyewahi kuigusa injini halisi huzungumza. Nimeona dereva mstaafu akisema kwamba kishikio fulani mlangoni kilikuwa chini zaidi, kwamba yeye alikishika kila siku kwa miaka kumi na moja na bega lake bado linakumbuka. Mtengenezaji alipima upya picha za zamani. Dereva alikuwa sahihi, na modeli ilipotoka kishikio kilikuwa mahali pake. Watu wa aina hii huitwa wahesabu ribiti, na wengine husema hivyo kwa dharau. Mimi nawaheshimu. Kinachoonekana kwa nje kama ukaidi juu ya milimita moja ni ushahidi wa mtu aliyekuwapo.

(Ajabu ni kwamba watu hawa hawa tunavumilia kosa moja kubwa kila siku. Reli za OO zina upana wa milimita 16.5, nyembamba kuliko skeli yenyewe inavyotaka. Lilianza zamani kwa sababu za kiufundi, limekuwa mila, na macho yameshazoea.)

Baada ya sampuli huja ya rangi, halafu foleni ya kiwanda, halafu Mwaka Mpya wa Kichina ambapo kila kitu husimama, halafu meli. Machi 2021, Ever Given ilipoziba Mfereji wa Suez kwa siku sita, tulikuwa watu kadhaa wa chama chetu cha treni za modeli tuliokuwa na oda baharini, na tulifuatilia habari za ile meli kama watu wenye jamaa ndani yake. Tangu mwisho wa 2023, meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, majuma kadhaa yakaongezeka kwenye kila safari. Niliwaambia wenzangu kwamba treni zetu sasa zinashuka Bahari ya Hindi, bahari ya kwetu, hadi ncha ya Afrika kabla ya kufika huku. Walifurahi. Mmoja akaleta ramani.

Kungoja huku kuna uzito wake. Wengi wa wenzangu wana miaka sabini na kuendelea. Yuko mmoja aliyeandikisha oda ya injini ya dizeli aliyoiendesha ujanani, akafariki modeli ikiwa bado kwenye sampuli. Ilipofika, mjane wake aliileta chamani ikiwa kwenye boksi lake, hajalifungua. Tuliiweka relini na kuikimbiza jioni nzima, mabehewa manane nyuma yake, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuizima. Yeye alikaa kwenye kiti karibu na kona, mahali treni inapopunguza mwendo, mkoba wake mapajani.

Katika chama hicho hicho nilikutana na mzee aliyeingia Gorton kama mwanafunzi wa ufundi akiwa na miaka 15, mwaka 1955. Nilikuwa nimekwenda pale kwa mwaka mzima bila kujua. Siku nilipoleta Garratt yangu ya LMS aliichukua mikononi, akaigeuza, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hizi hakuziwahi, yeye alikuta zile kubwa za Afrika Mashariki. Nilikaa chini. Akaeleza jinsi yeye na mwanafunzi mwenzake walivyotumwa kuingia ndani ya boila tupu, kabla mabomba hayajawekwa, kusafisha, na jinsi walivyosimama wima humo, taa mkononi, bila kuinamisha vichwa. Alikuwa hajawahi kuona kitu kikubwa namna ile. Aliuliza kama kweli zilifika, na kama zilifanya kazi vizuri. Karibu miaka sitini alikuwa akijiuliza.

Nilimwambia zilifanya kazi vizuri. Nilimwambia baba yangu alikula kwa kazi hiyo, nami pia.

Mwaka uliofuata nilikwenda nyumbani na modeli ile kwenye begi la mkononi, imezungushiwa fulana tatu. Pale uwanja wa ndege waliiona kwenye mashine na kunifungulisha begi, na ofisa akaita mwenzake aje kuiona kabla hawajaniruhusu. Baba alikuwa na miaka 78. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia lakini vidole vilikuwa vizima. Hakuiangalia kwanza. Aliishika, akaipapasa kutoka mbele kwenda nyuma, akafika kwenye kiungo kati ya injini ya mbele na boila, akakipinda polepole. Injini ikageuka. Akacheka kwa sauti.

"Hii ni ya Gorton," alisema.

"Ndiyo, Baba. Umejuaje?"

"Nimejua." Akaendelea kupapasa. "Hii ya makaa. Nani alikuwa akichochea huyu mnyama kwa sepetu? Maskini." Kisha, baada ya kufika kwenye ubavu wa boila na kurudi: "Haina jina?"

Nikamweleza kwamba zile hazikupewa majina, namba tu. Hilo lilimsikitisha. Nikamweleza pia yale niliyoyasoma, kwamba zilisumbuliwa maisha yao yote na visanduku vidogo vya ekseli, kwa sababu shirika lilishikilia kutumia vile vilivyozoeleka kwenye karakana zake za Derby badala ya kuwaachia Gorton waamue, basi vikawa vinapata moto. Alitikisa kichwa kama mtu anayepewa habari ya ndugu wa mbali aliyeonewa na wakwe.

Akanirudishia modeli, akafuta mikono yake kwenye suruali ingawa haikuwa na grisi. "Ya kwetu inatoka lini, mwanangu?"

Nilimjibu kwamba haijatangazwa.

Sikuwa na moyo wa kumpa jibu kamili siku ile. Jibu kamili ni hesabu. Kalibu za injini moja hugharimu sana kabla hata kipande kimoja hakijauzwa, kwa hiyo mtengenezaji anahitaji maelfu ya watu walio tayari kulipa. Uingereza inao, kwa kila injini ndogo iliyowahi kusukuma mabehewa ya maziwa. Uswisi inao: Bemo wa Ujerumani hutengeneza treni za reli ya mita moja za milimani kule, kwa skeli ya 1:87 na reli za milimita 12, nzuri mno, na ndizo zilizonionyesha kwamba upana wa reli ya kwetu unawezekana. Fifti-naini ni maarufu kwa wapenzi wa mvuke dunia nzima, wanaizungumzia kwa heshima, lakini wachache kati yao wana reli za kuikimbizia. Na watu ambao injini hii ni maisha yao, watoto wa landi kuanzia Mombasa hadi Nairobi, hawakulelewa na treni za mezani. Sisi tulitengeneza za kwetu kwa makopo na vifuniko vya chupa. Kiwanda hakiwezi kuiona hamu yetu kwa sababu haijawahi kupita kwenye rejesta ya duka.

Kinachoniuma zaidi ya hesabu hiyo ni yule dereva wa kishikio. Modeli huwa sahihi kwa sababu picha za sampuli zinatoka wakati aliyeijua injini kwa mikono bado yuko hai kusema hapana. Michoro ya Beyer, Peacock imehifadhiwa Manchester, kwenye makumbusho ya sayansi na viwanda, na injini mbili zimesimama Nairobi kwa yeyote mwenye leza. Chuma kitapimika hata baada ya miaka hamsini. Lakini mchoro wa kiwandani unaonyesha injini kabla haijakabidhiwa kwa watu. Madereva wa Fifti-naini walikuwa na injini zao, wakazitunza kama nyumba. Masingasinga wengi waliziremba na kung'arisha shaba zake hadi unajiona usoni. Mafayamani nao walikuwa na yao. Hayo hayamo kwenye karatasi yoyote Manchester, na wanaoyajua wanaondoka mmoja mmoja. Ikitangazwa Januari ijayo, sampuli itatoka pengine baada ya miaka mitatu. Nani atakuwapo kuisahihisha?

Basi nikaanza kuchora. Mimi ni fundi umeme, si mchoraji wa mitambo, na programu ya kompyuta ilinichukua karibu mwaka kuizoea. Nilichagua skeli ya 1:87, kwa hiyo injini nzima inakuwa sentimita 36 na nusu, boila lina upana wa milimita 26 juu ya reli za milimita 12. Mara ya kwanza nilipoziweka namba hizo kwenye skrini nilidhani nimekosea. Kila Jumapili jioni nilimpigia Baba simu na kumsomea sehemu niliyochora, naye akisahihisha. Hakuwa mtu wa simu. Mazungumzo yetu kabla ya hapo yalikuwa salamu na habari za mvua. Sasa alikuwa akinisubiri na maneno tayari. Kiti cha fayamani, sio pale, sogeza. Hapa tulifunga kipande cha ubao ili goti lisiungue. Dirisha la upande wangu lilikuwa na alama ya kisu, alikuja akaichora mtu wa Makindu, usiiweke hiyo, mwenyewe angekasirika.

Jumapili moja aliniuliza kama nimeweka ndoano. Ndoano gani? Ya kopo la chai, akasema. Alikuwa ameipinda mwenyewe kutoka kipande cha waya, akaifunga ndani ya kibanda upande wa kushoto, juu kidogo ya bega, mahali ambapo joto la boila linatosha kuweka chai moto lakini halitoshi kuichemsha. Alipata mahali hapo baada ya safari nyingi za kujaribu. Kwenye Gelai, alisema. Alifanya kazi kwenye nyingi, lakini ndoano aliiacha kwenye Gelai.

Baba alitutoka mwaka 2019, mwezi wa saba. Nilipofika mazishini, shangazi yangu alinikabidhi daftari la shule la kurasa 32 alilokuwa akimwandikia kwa imla siku za kati ya simu zetu, kwa kuwa alihofu atasahau kabla ya Jumapili. Kurasa 19 zimeandikwa. Nyingine sizielewi bado, ni maneno ya karakana, na yule mzee wa Gorton amenisaidia kwa mawili matatu.

Kazi inakwenda polepole. Kampuni ya Hornby ilipoingia kwenye skeli ya TT:120 mwishoni mwa 2022, reli za milimita 12 zikawa rahisi kupatikana hapa Uingereza, na hilo limenisaidia, ingawa mataruma yake yako karibukaribu kuliko ya njia ya Voi na itanibidi niyapange upya. Matangi na kibanda nimeshavichapa kwa mashine ya resini, mara nne, na mara ya nne vimenyooka. Magurudumu na mota bado natafuta. Kila Januari hufungua matangazo mapya na kuyasoma yote hadi mwisho, na ikitokea kiwanda kimoja kikaitangaza Fifti-naini nitaandikisha oda siku hiyo hiyo, mbili, moja ikae makumbusho kule Nairobi karibu na yenyewe.

Usiku wa jana nilikata waya wa shaba mwembamba kama unywele, urefu wake haufiki milimita mbili, nikaupinda ncha chini ya lenzi. Uliniponyoka mara mbili nikautafuta sakafuni kwa tochi. Nimeubandika ndani ya kibanda, upande wa kushoto, juu kidogo ya pale bega la fayamani litakapokuwa. Gundi inahitaji saa 24 kukauka.